Tundu la Hamdu

Bi Kidawa alimsindikiza mkamwana wake hospitali ili ashuhudie akiumbuka, na majirani wawili akawaweka kwenye benchi, mlangoni kabisa.

"Mwambie daktari ukweli, we Zawena! Mtoto hanenepi, akinyonya anahema, jasho chapachapa. Umechepuka, maziwa yakaharibika, ukambemenda mjukuu wangu!"

Zawena akamlaza Hamdu, akamfungua kifua.

Daktari, dada mmoja mwenye kasauti kadogo, akampaka mtoto jeli, akapitisha kipimo. Moyo ukatokea kwenye skrini, unadunda kweli! Halafu, jamani, katikati ya ukuta wake, damu ikachomoka kama cheche, ikarukia upande wa pili.

"Tundu hilo," akasema daktari. "Liko kati ya vyumba vya chini vya moyo. Kazaliwa nalo. Tukimpasua tukaliziba, atanenepa."

"Na maziwa?"

"Maziwa hayana kosa, bibi."

Zawena akageuka, macho makavu.

"Rudia, daktari. Kwa sauti. Wapo watu wameletwa kunisikiliza."

Daktari akarudia. Kwenye benchi mmoja akakohoa, mwingine akaanza kutafuta kandambili zake.

"Basi nipe mjukuu wangu nimbebe," akasema Bi Kidawa, mkono ameshaunyoosha.

"Usimguse mwanangu."

Lakini Hamdu alishakidaka kidole cha bibi yake, kakibana kweli kweli, huku anahema. Zawena akainama, akaanza kuvibandua vile vidole vidogo, kimoja kimoja.