Kikombe cha Uji

Siku hizi mashine ndiyo inayomlaza mgonjwa usingizi kabla ya kupasuliwa. Kwa kuwa kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kumkaba, mtu mmoja wa familia aliyebaki nyumbani huulizwa kupitia bangili: "Amekula?" Hujibu mara moja tu. Kisha bangili hutetemeka mkononi mwake kila mgonjwa anapovuta pumzi.

Nyamizi alijibu asubuhi kwa niaba ya mumewe, Masanja, aliyekwenda kupasuliwa ngiri: "Hajala tangu jana."

Sasa alikuwa anaosha vyombo, bangili ikitetemeka taratibu, alipokuta kikombe chenye utando wa uji.

"Mama, nani kanywa uji?"

"Masanja, kabla hajaondoka," mama mkwe akasema huku akipepeta mchele. "Lakini hajala, mwanangu. Ni uji tu. Mtu atapasuliwaje na tumbo tupu?"

Nyamizi akaipeleka bangili mdomoni. "Amekunywa uji! Mnanisikia? Uji!"

"Uliulizwa kama amekula," sauti ya upole ikasema. "Jibu lako limeshapokelewa."

Mama mkwe akaacha ungo, akaja kumshika mkono. Bangili ikatetemeka. Ikatetemeka tena.

Wakasubiri pumzi ya tatu.