Mstari Usiotikisika

Jumamosi, tarehe tisa Machi, saa saba na robo mchana, jua likiwaka baada ya manyunyu, Bi Sikudhani alisimama katika jiko la harusi aliyokodiwa kuipikia, akiitazama simu yake. Kipimajoto cha sufuria ya kuku kilikuwa kikituma mstari mmoja ulionyooka: nyuzi sabini na moja tangu saa tano.

"Sufuria imefunuliwa mara tatu mbele ya macho yangu," alisema. "Mbona joto halishuki?"

"Shemeji, sasa unagombana na simu?" alicheka Hizza, mpishi wake, mdogo wa mumewe.

Bi Sikudhani aliufuata waya wa kipimajoto kwa kidole. Ulipita nyuma ya sufuria, ukaishia ndani ya chupa ya chai.

Alikichomoa kipimajoto na kukichovya katika kuku. Nyuzi thelathini na nane, uvuguvugu wa kuharibu nyama. Akawamwaga kuku wote, akaamuru maharage yaliyokuwa yakitokota yapakuliwe. Wageni walikula, wakaomba kuongezewa.

"Nilikitia kwenye chai ili usinisumbue, nawe umeniaibisha," Hizza alisema, "na sufuria hii nilikupa mimi ulipoanza kazi."

Bi Sikudhani aliiosha, akaikausha, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Deni lako hilo, shemeji. Nimelilipa."

Kipimajoto sasa kilikuwa ndani ya maharage, na kwenye simu mstari wake ulishuka na kupanda kila upawa ulipoingia.