Nadhiri ya Kenge

Kenge, mla mayai maarufu, aliweka nadhiri ya kutoua tena. Kila asubuhi akawa anapita kwenye kiota cha Kanga ili ashukuriwe, na Kanga, kwa woga, anainuka juu ya mayai yake na kumpigia goti.

Siku moja hakuinuka.

"Mbona leo hunishukuru?" Kenge akafoka.

"Mayai yanapoa nikiinuka, mzee wangu. Nadhiri ni yako, lakini uhai wa vifaranga ni wao. Hukuwapa wewe."

Kenge akanywea, akaondoka.

Vifaranga walipoanguliwa, walimkuta amelala njiani, wakampanda mgongoni wakicheza. Hakuna aliyemshukuru, wala aliyemwogopa. Kenge akatulia tuli, asije akamwangusha hata mmoja.