Nafasi ya Gitaa la Pili

Alipofika katikati ya wimbo, mzee wa gitaa aliinua vidole kwenye nyuzi, akangoja. Uwanja mzima ukanyamaza juani.

"Masikini, mzee wa watu kasahau," alisema mama mmoja mwenye mwavuli.

Nurdini, aliyesimama kando yake, alijua hajasahau. Hapo ndipo gitaa la pili lilipokuwa likijibu, enzi zile wakipiga wawili, kabla Nurdini hajaliuza lake na kukimbilia tumbaku Urambo. Aliondoka bila kuaga.

Vidole vya kushoto vya Nurdini vikaanza kubonyeza bakora aliyoishika, kimoja baada ya kingine, bila kukosea.

Jukwaani mzee alikuwa bado anangoja, macho kwa watu.

"Mpigieni makofi jamani, asiaibike!" alihimiza yule mama wa mwavuli.

Nurdini akapiga makofi.