Nyumba Isiyo na Pipa la Taka

Msinibishie, nilikuwepo, na macho yangu haya huona sisimizi akipiga chafya ng'ambo ya mto. Bi Paka alijiona msafi kuliko wanyama wote. Mafuta ya kukaangia, matambara, nepi, vyote alivitupa chooni akavuta maji.

"Shoga, bomba litaziba hilo," jirani yake Mama Nguruwe akamwambia. "Nunua pipa."

"Pipa linuke kama lako? Utanifundisha usafi wewe?"

Siku kina Chui walipokuja kumposa binti yake, Bi Paka akawatambia, "Kwangu hamtaona hata pipa la taka!" Mama Chui akaenda chooni, akavuta maji. Lo! Choo kikatapika taka za miaka saba, nepi zikaelea mpaka sebuleni, zikaizunguka sinia ya pilau.

"Kumbe pipa unalo, mkwe," akasema Mama Chui. "Ndilo hili tulilokalia."

Wakaondoka na posa yao. Binti akalia. Mama Nguruwe akacheka mpaka minazi saba ikang'oka.

Hapo nimewadanganya. Mama Nguruwe hakucheka hata kidogo. Alikuja na ndoo mbili, akachota na mwenzake mpaka sakafu ikakauka.