Msiba wa Boya

Shamimu alishuka kwenye bodaboda akakuta turubai limefungwa mbele ya nyumba yao pale Ufukoni, na majirani wanalia mkekani.

"Nani kafa?" akauliza.

Kilio kikakatika. Mama yake akaruka, akampiga kofi la mgongoni, akamkumbatia, akampiga tena. "Alhamdulillahi! Mwanangu huyu!"

Kumbe nahodha wa boti ya utafiti alipiga simu mchana, mtandao unakatakata: "Boya la Shamimu limepotea baharini." Mama akasikia "Shamimu" na "potea baharini." Ufukoni haihitaji zaidi ya hapo. Wali ulikuwa umeshaiva.

Na boya kweli lilipotea. Ndilo lililompimia mkondo wa bahari mwaka mzima, na njiani Shamimu alikuwa ameshaamua: utafiti basi, atafute kazi ya ofisini.

"Pole, mwanangu," shangazi yake akasema, vidole vimelowa mafuta ya wali. "Sasa maji yamelipeleka wapi?"

Nyumbani hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Akachora kwa kidole kwenye wali wa sinia: mkondo unatoka bahari kuu, unagonga pwani yetu, unagawanyika. "Huku Kilwa. Huku Msumbiji. Nadhani limeshika njia ya Msumbiji."

"Msumbiji? Si Palma, kwa wifi yangu huko!" shangazi akadakia.

Simu zikachomolewa vifuani. Kimakonde, Kimwani, Kireno cha kuokota: "Haloo! La njano, kubwa kama pipa! Mkiliona msilifungue!"

"Waambieni lina mwenyewe," mama akapaza sauti, "na mwenyewe yu hai!"