Chupa Mbili

Persis alikuwa ameshampa binti yake kikombe ndipo alipogundua kwamba amekosea chupa. Ile ilikuwa na maji moto matupu, ya kuoga.

Tangu daktari aseme kwamba mwili wa binti huyo unajishambulia wenyewe na dawa hazifui dafu, Persis alikuwa akizunguka soko la Mosocho kuchagua tangawizi, manjano na mchaichai. Kila asubuhi alivitwanga, akavichemsha mpaka nyumba nzima ikanukia, akaitia dawa hiyo kwenye chupa ya pili. Majirani walimwambia vinashusha uvimbe na kuupa mwili kinga.

Alinyoosha mkono akichukue kikombe, lakini binti alikuwa anakunywa tayari. Alikikumbatia kwa viganja viwili, maana vidole vilikuwa vimevimba hata havikunjiki.

"Leo imekolea, Mama," akasema. "Naona hata magoti yanaanza kukunjika."

Persis akachungulia ndani ya kikombe. Maji yalikuwa meupe kabisa. Ua jekundu lililochorwa chini lilionekana lote, na majani yake.

Binti naye alikuwa akiliangalia.

"Yaani umesikia nafuu?"

"Nimesikia, Mama. Hata jana nilisikia. Hii dawa yako ni nzuri."

Hakuinua macho.

Persis akaketi kando yake kitandani, akamfunika miguu kwa leso.

"Basi nikuongezee?"

"Niongezee, Mama."

Akaichukua chupa ileile, akammiminia mpaka kikajaa.